KUMTAYARISHA MWALIMU KUWA MKUU WA SHULE
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Kampala, katika siku ya kumbukumbu





Kamati ilinitaka nizungumze juu ya elimu. Nami nikaomba nipunguziwe mzigo, kwani elimu ni bahari, na mtu aliyepewa nusu saa hawezi hata kulowesha miguu yake. Basi nimechagua jambo moja tu, ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kulisikia likizungumzwa katika baraza yetu: mwalimu anayetaka kuwa mkuu wa shule asomeshwe nini, asomee wapi, na kwa fedha ya nani.

Nitasema kwa Kiswahili. Najua wako wazee hapa ambao lugha hii huwakumbusha kambi za askari, na kwa muda mrefu wengi wetu hapa Buganda hatukuipenda. Lakini mbele yangu wameketi Waganda, na Wanubi wa Bombo, na Wasoga, na Wasomali wa Kisenyi, na ndugu zetu wenye asili ya Uhindi, na sijui lugha nyingine ya Kiafrika itakayotukusanya bila ya mmoja wetu kujiona mgeni.

Nianze na habari yangu mwenyewe, wala haina sifa. Nilifundisha hesabu kwa miaka tisa katika shule za sekondari, na nadhani nilifundisha vizuri. Mwaka wa kumi nikaitwa, nikapewa barua, nikaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu mimi ndimi mwalimu mkuu wa shule fulani ambayo sitaitaja. Nilipofika nikakabidhiwa funguo kumi na saba katika kamba, vitabu vitatu vya hesabu za fedha, na muhuri. Aliyenitangulia alikuwa amekwisha ondoka. Hakuna aliyenionyesha ufunguo upi ni wa mlango upi, sembuse kunifundisha kukisoma kitabu cha fedha. Watu walinipongeza sana. Pilau ilipikwa.

Muhula wa pili nilipata msiba nyumbani, nikalazimika kusafiri usiku ule ule. Mweka fedha wa shule akaniambia, Mwalimu, hundi za wiki hii zitakwamaje? Nami nikatia sahihi hundi tatu tupu, nikampa, nikaondoka. Sikuona ubaya wowote. Nilijiona mtu mwema asiyetaka kazi za watu zikwame. Niliporudi, ada ya kuwaandikisha watoto wetu kwa mtihani wa taifa ilikuwa haipo tena benki, na mweka fedha hayupo mjini. Zilibaki siku tisa. Niliuza kiwanja changu, ndugu wakanichangia, tukawaandikisha watoto arobaini na mmoja siku ya mwisho. Kumbe walikuwa arobaini na wawili. Msichana mmoja, ambaye baba yake alilipa kidogo kidogo kila alipouza kahawa, jina lake lilikuwa katika stakabadhi tu, halikuhamishiwa katika daftari, kwa kuwa mimi sikujua kwamba daftari na stakabadhi hulinganishwa kila mwisho wa mwezi. Hakufanya mtihani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameozwa.

Nimeyataja haya mbele ya watu wengi, na kunyamaza ingekuwa rahisi zaidi kwangu, kwa sababu nataka mjue kwamba ninapozungumzia mafunzo ya wakuu wa shule sizungumzii vyeti vya kutundika ukutani. Ule ulinganisho wa daftari na stakabadhi baadaye nilifundishwa kwa saa mbili, alasiri moja, na mwalimu kijana kuliko mimi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana tatizo letu lina ukoo. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, alipofika Ahmed bin Ibrahim katika baraza ya Kabaka Suna II. Misheni ya Kiingereza ilikuja 1877, na mapadre wa Kifaransa 1879. Kwa hiyo kabla ya shule yoyote ya misheni kujengwa walikuwapo katika Lubiri watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na Kabaka Mutesa I mwenyewe miongoni mwao. Tulikuwa wa mbele. Lakini baada ya vita vya dini na Mapatano ya 1900, elimu ya nchi ikashikwa na misheni, na kusoma kukawa ni kuingia katika dini ya mwenye shule. Mzazi wa Kiislamu akajikuta njia panda: ama ampeleke mtoto shuleni arudi na jina jipya, ama amweke nyumbani na dini yake. Wengi waliwaweka nyumbani. Simlaumu hata mmoja wao. Makerere ilifunguliwa 1922, na Idara ya Elimu ya Serikali 1925, na sisi katika miaka hiyo tulikuwa tukisifika kwa kuendesha magari, kuchinja nyama, na kuuza ngozi. Ni kazi za halali, na ndizo zilizojenga misikiti mingi. Ila hazikutoa walimu.

Kisha wakatokea watu wa kuamka. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, alitoa ardhi katika kilima cha Kibuli ili uwepo msikiti na shule. Jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA, ikakusanya vishule vilivyotawanyika na kuvitetea mbele ya Serikali. Mwaka 1945 ikaanzishwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki kwa msaada wa Aga Khan III, ikajenga shule na misikiti katika nchi zetu zote. Nabisunsa ikaanzishwa kwa ajili ya wasichana mwaka 1954. Haya mnayajua, na baadhi yenu mlibeba matofali yake.

Lisilosemwa sana ni hili: majengo yalipatikana upesi kuliko watu wa kuyaongoza. Mwenye digrii wa Kiislamu alikuwa adimu mno katika miaka ile. Hata nchi nzima ilikuwa haina; mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta vijana wa Kimarekani wenye digrii, wakapitia Makerere kusomea ualimu, kisha wakatawanywa katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Baadhi ya shule zetu ziliongozwa na wageni, na nyingine na Wakristo, na haki inanilazimisha niseme kwamba wengi wao walizilea kwa uaminifu. Ilipofika 1963 Serikali ikachukua yenyewe usimamizi wa shule za dini zilizopata ruzuku, na madhehebu zikabaki na jina la mwanzilishi. Hali hiyo ndiyo iliyopo mpaka leo. Kwa sheria ya elimu ya 2008, taasisi iliyoanzisha shule ina wajumbe katika bodi, inaangalia maadili na roho ya shule. Lakini mkuu wa sekondari ya Serikali huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Elimu, na mkuu wa shule ya msingi huteuliwa na Tume ya Utumishi ya wilaya. Tume hizo haziulizi nani alitoa ardhi. Zinauliza nani anastahili, na anayestahili ana karatasi gani mkononi.

Basi ndugu zangu, tunapolalamika kwamba shule fulani yenye msikiti katikati ya uwanja haina mkuu anayejua hata saa ya sala ya Ijumaa, tujiulize: siku nafasi ile ilipotangazwa, tulikuwa na waombaji wangapi wenye sifa? Nimepata kukaa katika kikao kilicholalamika kwa saa tatu juu ya jambo hili. Nilipouliza swali hilo, kikao kilifungwa kwa dua.

Na mlango unazidi kuwa mwembamba. Mwaka 2019 Serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Walimu, ambayo inataka kila mwalimu, hata wa watoto wadogo, awe na digrii. Kikwi chote cha walimu wa cheti cha zamani kinahimizwa kurudi darasani. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba digrii ya kwanza, ambayo zamani ilimpandisha mtu moja kwa moja mpaka katika kiti cha ofisi, sasa imekuwa kizingiti tu cha mlango wa darasa. Atakayeongoza wenye digrii itamlazimu awe na kitu zaidi ya walichonacho wao.

Hapa linakuja swali ambalo najua baadhi ya masheikh wetu wanalo moyoni, nami nisingependa kulipita kimya. Je, inafaa Mwislamu kuutaka ukuu? Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwonya sahaba wake Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi. Na Abu Dharr, pamoja na uchaji wake wote, alielezwa kwamba kazi hiyo ni amana na yeye hana nguvu ya kuibeba. Haya ni mazito. Nimewaona walimu wazuri, wacha Mungu, waliokataa hata kujaza fomu kwa sababu yake, na kiti kikachukuliwa na mtu asiyekuwa na shaka yoyote juu ya nafsi yake, watu wa aina hiyo wakiwa siku zote tele.

Lakini tunayo pia habari ya Nabii Yusuf, aliyetoka gerezani akamwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Hakutaja ukoo wake wala mateso yake. Alitaja mambo mawili, kwamba ataitunza amana, na kwamba kazi anaijua. Mimi si sheikh, na waliopo watanisahihisha; ila nimeelewa kutokana na wanachuoni kwamba kinachokatazwa ni kuukimbilia ukubwa kwa utukufu wake, si mtu mwenye uwezo kujitokeza pale anapoona amana itapotea. Na kusoma si kuomba. Anayejifunza kazi kabla ya kupewa amejiandaa kuibeba, hata asipopewa kamwe. Kwa kweli naliona onyo la Abu Dharr kuwa ndiyo hoja yangu kubwa: kama mtu mwema kiasi kile aliambiwa kwamba wema hautoshi kwa kazi hii, mimi na hundi zangu tatu tulitegemea nini?

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne nilipokwenda kusomea digrii ya pili ya uongozi wa elimu, ambayo vyuo vya Kiswahili huiita Shahada ya Uzamili. Nilisoma wakati wa likizo za shule. Nitawaeleza yale niliyoyakuta huko, kwani wazazi wengi hudhani ni kukariri tu maneno makubwa ya Kiingereza. Yamo maneno makubwa, sikatai. Yapo masomo mawili ambayo mpaka leo sijui yalikuwa yakizungumzia nini.

Yapo mengine yaliyonifungua macho. Tulisoma sheria ya shule. Wakuu wangapi hapa Kampala wanajua kwamba tangu mabadiliko ya Sheria ya Watoto ya 2016 kumchapa mtoto shuleni ni kosa la jinai? Mkuu asiyejua atamtetea mwalimu wake mpaka wote wawili wafike mahakamani. Tulisoma fedha, na hilo nimekwisha lisema. Tulisoma namna ya kuingia katika darasa la mwalimu mwingine, ukakaa nyuma, ukaandika, kisha ukazungumza naye kwa namna ambayo kesho yake atafundisha vizuri zaidi badala ya kukuchukia. Hili lilinichukua muda kulijua. Katika miaka yangu ya kwanza ya ukuu nilipita madirishani kama askari wa doria. Mwalimu akiniona anapaza sauti, nikipita anarudi kukaa. Nilidhani huko ndiko kusimamia.

Kisha kuna utafiti ambao kila mwanafunzi wa digrii ya pili hana budi kuuandika, na hapo ndipo walimu wetu wengi hukwama. Wamemaliza masomo yote ya darasani, kitabu cha utafiti kikakaa kabatini miaka minne. Mimi nilichagua jambo la karibu. Walimu wangu walikuwa wakisema watoto hawaji shuleni kwa sababu ya mvua. Nikachukua madaftari ya mahudhurio ya muhula mmoja, nikaandika pembeni siku za mvua na siku za soko. Mvua haikuwa na kosa. Watoto walipotea siku za soko, na wengi waliopotea walikuwa ni wasichana wakubwa walioachiwa wadogo zao wakati mama yuko sokoni. Tulihamisha majaribio ya kila wiki kutoka siku hiyo, tukazungumza na akina mama. Ni jambo dogo. Lakini shule ile ilikuwa imeilaumu mvua kwa miaka ishirini.

Ama kuhusu mahali pa kusomea, hatuna udhuru. Makerere iko pale kilimani. Kyambogo ni Chuo Kikuu tangu 2003, na chimbuko lake ni mafunzo ya walimu. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwezi wa Februari 1988 kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, nacho leo kina tawi hapa hapa Kibuli, mwendo mfupi kutoka msikitini. Mwenye nia ya kusafiri, iko Taasisi ya Maendeleo ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Ilianza Karachi mwaka 1993, na walimu wetu wa Afrika Mashariki walikuwa wakivuka bahari kuifuata, mpaka tawi lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006.

Jirani zetu, kwa maoni yangu, wametutangulia katika jambo moja. Tanzania ilianzisha Bagamoyo, mwaka 1979, mafunzo maalumu ya viongozi wa elimu, ambayo leo ni Wakala uitwao ADEM. Kenya ilianzisha chuo chake cha watumishi wa elimu mwaka 1981, sasa kinaitwa KEMI. Hivi ni vyuo ambavyo kazi yake yote ni kumfundisha mwalimu aliye kazini namna ya kuongoza. Sisi tulikuwa na mafunzo ya wakuu wa shule za msingi katika miaka ya 1990, yakipitia vyuo vya ualimu, na wengi waliyafaidi. Tukumbuke kwamba mwaka 1997, elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto mashuleni walitoka kiasi cha milioni tatu wakafika zaidi ya milioni tano katika mwaka mmoja, na mkuu aliyezoea watoto mia tatu alipambazukiwa na mia saba chini ya miembe. Lakini mafunzo yale hayakuwa chuo cha kudumu, na kwa wakuu wa sekondari njia iliyo wazi ni hiyo ya digrii ya pili, kila mtu kwa juhudi zake na kwa mfuko wake.

Wala nisiwapambie digrii. Uingereza waliweka cheti maalumu cha wakuu wa shule mwaka 1997. Ilipofika 2009 wakakifanya sharti la lazima kwa kila mkuu mpya. Na mwaka 2012 wakaliondoa sharti hilo. Katika majimbo mengi ya Marekani mtu hapati leseni ya ukuu bila digrii ya pili, na bado wako wanaolalamika kwamba vyuo hutoa karatasi kuliko viongozi. Nami nimewajua wenye digrii mbili wasioweza kuongoza foleni ya chakula. Na mkuu bora niliyepata kufanya kazi chini yake hakuwa na digrii hata moja. Alikuwa mwalimu wa cheti, mzee, aliyefika shuleni kabla ya adhana ya Alfajiri na kuwajua watoto wote kwa majina ya mama zao. Wazee wangu mtaniambia: si huyo hapo? Digrii ya nini?

Nimelifikiria sana swali hili. Jibu langu ni kwamba mzee yule alisomeshwa, ila hakusomeshwa chuoni. Alikaa miaka kumi na miwili kuwa msaidizi wa mkuu mwingine aliyemwonyesha kila kitu, funguo, madaftari, na namna ya kumkaripia mzazi mlevi. Nafasi ya kukaa hivyo siku hizi hakuna. Mtu hupandishwa akahamishwa wilaya nyingine katika wiki moja. Kwa hiyo ninachokiomba kwenu ni vitu viwili pamoja, chuo na usaidizi: mwalimu asome, na katika muda wa masomo yake akae muhula mzima karibu na mkuu hodari aliye kazini, akifungua naye madaftari. Chuo kitamfundisha sababu, na mkuu atamwonyesha mikono inavyofanya kazi. Nikiambiwa nichague kimoja tu, sitachagua. Nitaendelea kuomba vyote viwili.

Sasa fedha, na hapo ndipo penye uzito. Mwalimu wetu hufanyaje anapotaka kusoma? Huenda benki, akakopa kwa dhamana ya mshahara wake, na kila mwezi hukatwa deni pamoja na riba yake kabla hajaiona shilingi. Nawajua walimu wa dini, watu wanaoswalisha, waliofanya hivyo huku nafsi zao zikiwasuta. Na nawajua wengine waliokataa riba na hivyo wakabaki walipo. Hawa wa pili ndio hasa niliokuja kuwasemea. Mtu amechelea haramu, nasi tumemwacha alipe yeye peke yake gharama ya uchaji wake. Kweli, tangu 2016 sheria ya nchi imeruhusu benki za Kiislamu, na ya kwanza ilizinduliwa mwaka 2024. Ni heri kubwa. Lakini benki ni biashara. Mkopo mwema, qardh hasan, ni kazi ya jamaa.

Naijua mipango ya Kamati kwa mwaka ujao, nayo imo katika kijitabu hiki: ukumbi mpya wenye viti vya kukunja. Sina neno baya juu ya ukumbi. Harusi zetu zinafanyika chini ya maturubai, na mwezi uliopita mvua iliwanyeshea wageni wa bwana harusi. Ila naiomba Kamati, kwa heshima zote, iusogeze ukumbi mbele kwa mwaka mmoja, na fedha iliyokwisha kukusanywa iwe mfuko wa kuwakopesha walimu bila riba. Mwalimu awe amefundisha si chini ya miaka mitano, na ashuhudiwe na mkuu wake na imamu wake. Alipe kidogo kidogo baada ya kumaliza. Yule atakayekubali kuongoza au kusaidia kuongoza shule tulizozianzisha sisi, hasa zile za vijijini ambazo hakuna anayezigombea, asamehewe sehemu ya deni kwa kila mwaka atakaokaa. Masheikh watuambie namna ya kuliandika hilo ili lisiharibu mkopo. Najua mtauliza: akishapata digrii si atatukimbia? Baadhi watakimbia. Watakaokimbia watalipa, na fedha yao itamsomesha mwingine.

Na nusu ya fedha hiyo iwe ya wanawake. Hapo nimesikia sauti kule nyuma. Nitarudia: nusu. Tuna shule za wasichana, na tuna walimu wa kike hodari, lakini nafasi za masomo zikitajwa mwanamke huulizwa nani atapika. Mwalimu mmoja wa kike, mwanafunzi wangu wa zamani, amekubaliwa na chuo mara mbili na mara zote mbili ameacha. Mara ya kwanza fedha ilikwenda kwa masomo ya mumewe, mara ya pili kwa ada ya watoto. Yeye ndiye leo anayeiendesha shule yake kwa hakika. Mkuu wake hutia sahihi tu. Siku nafasi ile itakapotangazwa hataweza kuiomba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na nawaona vijana wa jikoni wakinitazama. Katibu anayo mezani karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya watakaochangia mfuko huu, kama Kamati itauridhia, na mimi nimekwisha liandika jina langu na kiasi changu, ambacho ni thamani ya kile kiwanja nilichokiuza, kwa bei ya wakati ule. Safu ya pili ni ya walimu wanaotaka kusoma. Asubuhi hii ilikuwa tupu. Walimu waliomo humu ndani nawafahamu kwa majina. Kabla ya chakula, tafadhalini, pitieni pale mezani.